Mmoja Mgongoni, Mmoja Kikapuni

Dada yangu alizaliwa akipiga kelele. Mimi nilimfuata dakika kumi na mbili baadaye, kimya, wakati wakunga wameshaanza kunawa mikono. Tangu siku ile mambo yamekuwa hivyo: yeye anatangazwa, mimi nakumbukwa.

Mama ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndiyo karakana: cherehani mbili za kukanyaga karibu na dirisha, pasi kwenye kona, pazia ambalo wateja hujaribia nguo nyuma yake, na katikati meza ya kukatia, ndefu hivi kwamba tukiwa wadogo tulidhani nyumba ilijengwa kuizunguka. Ukutani, mkabala na meza, kwenye msumari wake peke yake, unaning'inia mkasi mkubwa. Mishikio yake imeviringishwa kitambaa, na hicho kitambaa kimeshika umbo la vidole vya Mama.

Watu wasioijua kazi hii hudhani fundi ni yule anayeshona. Kushona ni mguu na subira. Fundi ni anayekata. Mshono ukienda upande unafumuliwa, lakini kitambaa kikishakatwa vibaya, utabaki kuviomba radhi vipande. Kwa hiyo ukiingia karakana yoyote na unataka kumjua mkubwa wa mahali pale, usisome kibao cha nje. Tazama nani ameshika mkasi.

Sasa kifundo cha mkono wa Mama kimechoka. Kilianza kuvimba taratibu, akakificha kwenye mkono mrefu wa gauni, mwisho daktari akamwambia: shika kijiko, shika sindano ukipenda, mkasi basi. Alirudi na bendeji akatukalisha.

"Mmoja wenu atakata," alisema. "Mwingine atashona na kupokea wateja. Wakataji wawili siwataki, nyumba itageuka bunge."

"Tupige kura," nikasema. "Mimi najipigia. Dada ana aibu, hawezi kujipigia. Nimeshashinda."

Dada akacheka kwa puani, macho chini. Ndiko kucheka kwake.

"Metroni wa hospitali ameleta kazi," Mama akaendelea, kana kwamba sijatikisa mdomo. "Sare kumi na mbili za wauguzi wa wodi mpya. Anazitaka Ijumaa ijayo. Wewe utakwenda kupima. Dada yako atakata. Mimi nitakaa kwenye kiti nitazame. Kazi ikiisha, nitasema mkasi ni wa nani."

Kisha akaivua tepu yake ya kupimia shingoni. Ni tepu ya kitambaa, zamani ilikuwa ya njano, siku hizi ina rangi ya chai ya mtu mchoyo wa maziwa. Alikuwa nayo kabla hatujazaliwa. Akamvisha dada.

Nimeona watu wakivishwa medali kwa taadhima ndogo kuliko ile. Na mimi nimekaa pale, nimepewa kazi ya kutembea.

Wivu huu haukuanza siku hiyo. Wivu wangu na mimi ni umri mmoja. Pengine huyo ndiye pacha wangu halisi.

Tulipotimiza wiki sita Mama alirudi kwenye cherehani. Baba alikuwa safarini na lori lake, kama alivyo hata leo. Dada, ambaye majirani walishampa jina la King'ora, hakutaka kulazwa popote. Ukimlaza alilia mpaka wateja wanasahau walichofuata. Na kila mteja alikuwa na dawa yake. Kulikuwa na mwalimu mmoja mgeni aliyesema kwao mtoto huachwa alie, akichoka atajifunza. Mke wa mfanyabiashara mmoja, naye ametoka mbali upande mwingine, akashika mdomo: kwao mtoto hagusi chini mpaka aote meno. Mzee mmoja aliyeleta suruali ikatwe upindo akasema kwao hawahangaiki kuongea na mtoto mchanga, wanasubiri awe na majibu. Wote watatu walikuwa wamelelewa na mama zao, wote walikuwa na akili timamu, na wote walilipa.

Mama alijaribu ya mwalimu kwa nusu siku. Mchana akachukua mbeleko.

King'ora akafungwa mgongoni, akanyamaza hapo hapo. Akaegesha kidevu kwenye bega la Mama na kukodolea meza macho. Alikaa pale karibu miaka mitatu.

Na mimi? "Huyu hana shida." Maneno matatu, na ndiyo historia ya maisha yangu. Mama alinitandikia vipande vya vitambaa ndani ya kikapu, akakisukuma chini ya meza ya kukatia. Nililala. Nikiamka, nilitazama. Sikulia njaa, nilinyonya vidole. Nilimtia Mama moyo wa kunisahau, naye hakuniangusha.

Wahenga wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mhenga huyo alikuwa na mtoto mmoja. Angekuwa na pacha angejua kwamba mtoto naye analea: King'ora alimlea Mama awe wa kubeba, mimi nikamlea awe wa kunipita.

Piga hesabu sasa. Dada aliona mkasi ukipita kwenye kitambaa mara elfu kadhaa kabla hajajua kusema "maji". Mimi niliona miguu. Leo yeye huchora mstari wa chaki bila rula ukanyooka kama ahadi ya mchumba, ila wakiingia wateja wawili kwa pamoja anajificha nyuma ya pazia. Mimi namjua mtu kwa viatu vyake, na nimesikiliza maneno ya wateja tangu sina meno, kwa hiyo naweza kumchekesha mtu aliyekuja kupimiwa nguo ya msiba. Ila nikishika mkasi, nakata kama njia ya mbuzi.

Halafu kuna kisa cha mizani. Kila nyumba ina kisa chake cha kuchekea, na chetu ni hiki. Mama alitupeleka kliniki kupimwa uzito. King'ora alipiga makelele hata muuguzi akaandika uzito kwa kukisia. Mimi nikawekwa kwenye mizani, nikatulia. Mama akamfunga dada mgongoni, akakusanya kadi, akaaga, akatoka. Alikuwa amefika getini muuguzi alipomkimbilia: "Mama, na huyu mwingine?" Muuguzi huyo ndiye Metroni wa leo. Kisa hiki nakisimulia mimi mwenyewe kuliko mtu yeyote, nacheza sehemu zote, hasa ile ya mimi kukaa kwenye mizani kama kilo mbili za sukari. Watu wanashika mbavu. Nami nacheka nao, halafu usiku wa siku hiyo huwa sili vizuri.

Basi, asubuhi ya kwenda kupima, Mama alikuwa kwa daktari. Dada akaivua tepu shingoni akaninyooshea.

"Utahitaji."

"Baki nayo," nikamwambia. "Imekupendeza. Ukiongeza na kofia utafanana na waziri."

"Utapimia nini, kaka?"

"Duka liko njiani."

Nilinunua tepu mpya, nyeupe, ngumu, ina chuma kwenye ncha. Nilijivalisha mwenyewe barabarani, maana wa kunivisha sikuwa naye. Hospitalini niliwapima wauguzi kumi na mmoja na Metroni wao, nikaandika kila kitu kwenye daftari kwa mwandiko wa shule. Walicheka toka wa kwanza hadi wa mwisho. Metroni aliniuliza kama bado nakaa vizuri kwenye mizani. Nikamjibu siku hizi nalia kidogo, ili nisiachwe.

Nilirudi saa nane. Hapakuwa na mtu kwenye meza. Mama na dada walikuwa uani wanaanika kitambaa kilicholowekwa, maana pamba lazima irudi kwanza, yaani isinyae majini, kabla ya kukatwa. Tepu ya Mama ilikuwa juu ya meza. Kwa utani tu nikailaza yangu ubavuni mwake, kama watu wanaopimana urefu.

Hazikulingana.

Nikazinyoosha upya. Inchi thelathini na sita za Mama zilikuwa thelathini na tisa na ushei za kwangu. Tepu ya kitambaa, miaka ishirini na kitu inavutwa kwenye vifua na viuno vya watu, ilikuwa imerefuka kidogo kidogo bila kumwambia mtu. Haikuwahi kuleta tatizo. Mama alipimia hiyo, akakatia hiyo, nguo zikawatosha watu. Uongo ukiwa mmoja nyumba nzima, unafanya kazi ya ukweli.

Ila mimi nilikuwa nimepima kwa tepu yangu, na dada angekata kwa ile ya Mama. Kila sare ingetoka kubwa.

Nilikwenda mpaka mlango wa uani niwaambie. Naapa nilikwenda. Mama alikuwa amesimama nyuma ya dada, anamwonyesha kwa kipande cha karatasi jinsi ya kuzungusha mkasi kwenye shimo la mkono bila kuunyanyua. Mkono wenye bendeji juu ya mkono wa dada. Kidevu cha Mama kwenye bega la dada. Safari hii Mama ndiye aliyekuwa mgongoni. Wakakosea, karatasi ikachanika, wakacheka, na kile kicheko cha puani cha dada, kumbe yeye na Mama wamekichukua sehemu moja.

Hawakuniona. Nikasimama pale muda wa kutosha mtu kuonekana.

Nikarudi ndani, nikakunja tepu yangu nikaitia mfukoni, na nikanyamaza. Ndicho kipaji changu cha kwanza.

Dada alikata siku mbili. Sikumbuki kuona kitu kizuri namna ile na kukichukia namna ile. Mkasi ulikuwa ukienda kwenye kitambaa cheupe kwa sauti moja, ndefu, haupumziki, haurudi nyuma. Mama kwenye kiti hakutazama mkasi. Alifumba macho akasikiliza. Nilishona mabega na pindo huku nikijua, na kila nilipofika mwisho wa mshono nilijiambia nitasema baada ya huu. Mishono ikaisha.

Jumatano asubuhi Metroni akaja kujaribu yake. Akaingia nyuma ya pazia, akakaa, akatoka ameshika gauni kiunoni kwa mikono yote miwili.

"Fundi," alisema, "humu ndani bado kuna nafasi ya mgonjwa mmoja na anayemuuguza."

Mama akasimama. Akashika ubavu wa gauni, akalivuta. Akachukua jingine kwenye rundo, la yule muuguzi mwembamba kuliko wote, akalinyanyua mbele ya dirisha. Lilikuwa kama pazia la shule. Akamtazama dada.

Dada alikuwa amesimama na chaki mkononi. "Nimekosea, Mama," akasema.

"Yote kumi na mawili?"

"Nimekosea."

Nilisubiri furaha yangu. Nilikuwa nimeiwekea nafasi kabisa. Mama akautoa mkasi kwenye msumari, akauweka upande wa meza niliokuwa mimi.

"Shika," akaniambia. "Yatapunguzwa yote leo na kesho. Wewe utakata." Kisha akamgeukia mteja. "Metroni, nisamehe. Nikusindikize."

Wakatoka. Nikaushika mkasi. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na kile kitambaa cha mishikio kilikuwa na umbo la vidole vya mtu mwingine; vyangu havikupata pa kukaa. Nikageuka nimwambie dada neno, hata la utani. Hayupo. Pazia lilikuwa wazi, nyuma yake hakuna mtu.

Kisha nikaona kisigino. Dada yangu, msichana wa miaka ishirini na mmoja, alikuwa amejikunja chini ya meza ya kukatia, pale pale palipokuwa kikapu changu.

Ngoja niseme ukweli nilioufikiria kwanza, kabla ya huruma: hata hapa amepachukua. Mgongo ulikuwa wake, mkasi karibu uwe wake, na sasa sakafu.

Nikaingia chini. Alikuwa analia bila sauti hata kidogo. Yeye, King'ora, ambaye akiwa mchanga alisikika mpaka sokoni. Nilimtazama nikajua ule ukimya, maana ni wangu. Nilidhani ni mimi tu ninayeujua.

"Dada," nikasema, "hukukosea. Tepu yangu na ya Mama hazilingani. Ya Mama imevutika. Niliziona siku ile ile niliyopima."

Akafuta pua kwa mkono. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Sasa hivi. Metroni alipotoka. Makosa yangu yangekuwa mabaya tofauti tofauti. Haya yote yana ukubwa mmoja."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnacheka."

Alinitazama kama mtu anayesoma bei mara mbili. "Ndiyo sababu hiyo?"

"Ndiyo yote. Sina nyingine."

"Ungepiga kelele," akasema. "Ungesimama mlangoni ukapiga kelele, basi. Mimi ndivyo nilivyofanya, na angalia nilivyobebwa."

"Sikuzaliwa na kelele."

"Nilikuwa nakuona kutoka juu, mgongoni kwa Mama," akasema. "Au nadhani nilikuwa nakuona. Watu wote wakiingia wanainama kwako kwanza. Wanakuchekea. Mimi walikuwa wanasema tu, bado anasumbua?"

Hapo miguu ya Mama ikaingia. Naijua ile miguu. Nina miaka mitatu ya kuisoma. Ikija haraka ana hasira, ikiburuta amechoka. Hii ilisimama. Tukasikia gauni likivutwa mezani, tepu ikaburuzwa juu yake, kurasa za daftari zikafunuliwa, kisha ukurasa mwingine.

"Nimelipima hili gauni kwa tepu yangu," sauti yake ikasema juu yetu. "Liko sawa sawa na daftari. Kwa hiyo ama Metroni amekonda tangu wiki iliyopita, na sikuona dalili hiyo, ama kuna tepu nyingine humu ndani."

Nikatoka kwa magoti, nikaitoa mfukoni, nikaiweka mezani.

"Ulijua?"

"Nilijua kabla hajakata."

Mama hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu. Akauliza kwa nini, nami nikafungua mdomo nimtolee mzaha, nikakosa hata mmoja. Nikasema, "Ulinisahau kwenye mizani."

Dada alikuwa ametoa kichwa tu, kama kobe.

Mama alikaa kwenye kiti. "Kile kisa unakisimulia wewe kila siku," akasema.

"Nakisimulia."

"Nilidhani unakipenda."

Akaipangusa meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Fundi anapokea kitambaa alicholetewa," akasema. "Hiki kinavutika, hiki kinachuja rangi. Dada yako alikuwa cha kukunjika. Ukimweka chini tu, amejaa mikunjo. Wewe ulikuwa kile kisichokunjika. Nikikutoa kikapuni jioni, uko vile vile nilivyokuweka asubuhi. Nikasema afadhali." Akaivuta bendeji yake. "Nikaacha kukupiga pasi. Hilo ni kosa langu, sikulijua mpaka leo."

"Na la kwangu?"

"La kwako ni la kwako. Usinichanganyie. Wewe umekaa ukamtazama mwenzako anazama na unajua kina cha maji. Mimi nilisahau. Wewe hukusahau."



Mama akazivuta tepu zote mbili, akazilaza mbele yangu, moja rangi ya chai, moja nyeupe. "Nyumba moja haina tepu mbili," akasema. "Mkasi unao. Kata moja."

Nilizitazama. Nyeupe ndiyo iliyosema kweli. Kiwanda kizima kingenitetea. Lakini kwenye rafu kulikuwa na madaftari ya miaka yote, vifua na viuno vya mji mzima, vyote kwa inchi za Mama. Ningeikata ile ya zamani, watu wote wale wangekuwa wamepimwa bure. Nikaishika yangu, nikapachika mkasi katikati, nikakata. Ncha ya chuma ikaanguka sakafuni ikalia kidogo.

"Hata hapo umekata upande," dada akasema kutoka chini ya meza.

Kilikuwa kipande cha upana wa kidole kimoja, na kweli nilikuwa nimekikata upande. Mama akacheka kwa puani. Akanyoosha mkono, nikampa mkasi, naye hakuuweka kwenye msumari. Akauinamisha chini ya meza, mishikio mbele, dada akaupokea kule kule.

"Toka huko," akamwambia, "tuna mbavu ishirini na nne za kupunguza. Na wewe," akanigeukia, "kesho utakwenda hospitali kuwajaribisha wote, umweleze Metroni tepu ilikuwa ya nani. Ukimaliza kueleza, ndipo uwachekeshe."

Akaichukua tepu ya rangi ya chai, akanivisha shingoni. Hakufanya taadhima yoyote. Alinivisha kama mtu anayetafuta pa kuning'iniza kitu. Ila aliinyoosha pande zote mbili zikalingana, akapiga kola yangu ikalala.

Tulianza kufumua. Dada aliniegemea kidogo kila aliponipita kuchukua gauni jingine, na mimi nikawa nashika ile tepu mara kwa mara kuona kama bado ipo. Ilikuwa na joto. Joto la shingo ya dada, aliyeivaa wiki nzima, si langu, na nilikaa na hilo asubuhi nzima, nikisubiri lipoe.